Serengeti: Jina Lililokuzwa na Matoleo ya Nje

Mjini Mugumu, Tanzania, Serengeti ni jina la wilaya na halmashauri yake. Ulaya, jina hilo lilivuma kwa kitabu: *Serengeti darf nicht sterben*, cha Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael. Kilitoka Ujerumani mwaka 1959, tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1960, kisha zikaja lugha nyingine nyingi. Kilichokivusha mipaka ni nini?

Kwanza ni usimulizi. Hadithi ya kutisha hutaka kitu cha thamani kilicho hatarini na muda unaoyoyoma. Grzimek alikuwa na vyote viwili, ila mahali pa mzuka akaweka kutoweka kwa wanyama. Baba na mwana waliruka kwa ndege iliyochorwa milia ya pundamilia, wakahesabu wanyama 366,980. Januari 10, 1959, ndege hiyo iligongana na tai, Michael akafa akiwa na miaka 24. Akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Msomaji wa Munich asiyejua nyumbu ni mnyama gani aliuelewa msiba huo mara moja.

Pili, kitabu hakikusafiri peke yake. Filamu yake ilishinda Oscar mwaka 1960, na kipindi cha Grzimek katika televisheni kilichangisha fedha na kuwahimiza Wajerumani kutembelea Afrika Mashariki. Aliyeona filamu alitafuta kitabu, na aliyesoma kitabu akachanga.

Cha ajabu, hofu yenyewe haikutimia kwa nyumbu. Hesabu ya akina Grzimek iliwapata wasiofika laki moja. Katika miaka ya 1970 walipita milioni moja, hasa baada ya chanjo ya ng'ombe kuukomesha ugonjwa wa sotoka, uliowaua nyumbu pia. Sifa ya kitabu haikutetereka, kwa kuwa haikusimama juu ya takwimu. Ilisimama juu ya wasomaji wenye fedha na sauti.

Hapo ndipo penye kasoro. Wawindaji wa magharibi mwa Hifadhi ya Serengeti wanaonekana kitabuni zaidi kama majangili wenye vitanzi vya waya na mishale ya sumu. Mwikoma aliyetega ili apate nyama ya kukausha, au Mkurya wa Tarime aliyeona Lamai, ng'ambo ya Mto Mara, ikiingizwa hifadhini miaka ya 1960, hakuwa miongoni mwa waliolengwa na toleo la Berlin wala la London. Alisimuliwa kwa watu asioweza kuwajibu.

Kumlaumu Grzimek kwa kusomwa hakusaidii. Masimulizi ya wazee wa Robanda, kijiji cha Waikoma, na wa Lamai yanastahili njia ile ile: mwandishi anayejua kushika msomaji, mfasiri mzuri, na mchapishaji atakayeyafikisha mezani kwa wale ambao bado wanaijua Serengeti kwa maneno ya mgeni.