Waliopima Mkaa Wao Wenyewe

Mkaa unaponunuliwa kwa kopo, ni vigumu kujua nyumba imechoma kilo ngapi kwa mwezi. Asubuhi mtoto hutumwa gengeni kuleta kopo la kuchemshia chai, mchana linafuata la ugali na mboga, na siku ya maharage au makande linaongezwa la tatu. Pesa hutoka kidogo kidogo na haziumi. Umeme ni kinyume chake: uniti za Luku, umeme wa kulipia kabla, zinasomeka kwenye mita, zinapungua huku mtu akiziangalia, na zikiisha nyumba nzima inaingia gizani. Ndiyo maana kwa miaka mingi familia nyingi za Dar es Salaam zimeamini kwamba mkaa ndio wa mnyonge, na kwamba kupikia umeme ni kwa wenye nazo.

Imani hiyo ilikuja kupimwa kwa mizani, tena jikoni mwa watu wa kawaida. Waliopeleka mizani hiyo ni TaTEDO, shirika lisilo la kiserikali lenye makao yake Kijitonyama. Lilianzishwa mwaka 1990 kwa ajili ya nishati za asili na mazingira, na kwa muda mrefu liliongozwa na Mhandisi Estomih Sawe. Vijijini lilijulikana kwa majiko banifu ya kuni, mijini kwa ya mkaa na kwa matanuri ya kuokea mikate. Lilifundisha mafundi wa bati na wafinyanzi, kwa sababu jiko banifu linaloletwa na mgeni na kukosa fundi wa kulikarabati huishia kuwa chombo cha kuku kunywea maji.

Kisha likaja swali la umeme. Kwa kushirikiana na watafiti wa Uingereza, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Loughborough, TaTEDO iliziomba kaya takriban ishirini za Dar es Salaam ziandike shajara ya mapishi. Utaratibu wenyewe ulikuwa mzito kuliko jina lake. Kabla ya kuwasha jiko, mpishi alipima mkaa. Akimaliza kupika, alipima uliobaki. Mtungi wa gesi nao ulipandishwa kwenye mizani. Kwenye fomu aliandika amepika nini, kwa watu wangapi, ameanza saa ngapi na kumaliza saa ngapi, kama chakula kilikuwa kipya au kiporo, na kama maji yaliyochemshwa yalikuwa ya chai au ya kuoga. Wiki za mwanzo zilikuwa za kupika kama walivyozoea. Baadaye walipewa vyombo vya umeme, na mita ndogo ya kupima uniti ikawekwa kati ya chombo na soketi.

Kazi hiyo inastahili kuheshimiwa. Anayeifanya ana watoto wa kupeleka shule, ana biashara ndogo barazani, na bado anatakiwa asimame na kalamu mbele ya sufuria kila anapoinjika kitu, hata ikiwa ni kikombe cha uji. Maabara ingeweza kuchemsha lita moja ya maji mara mia na kutoa takwimu nzuri, lakini isingejua kwamba jikoni mwa Mtanzania maharage huungwa kwa nazi baada ya kuiva, kwamba wali hupaliwa mkaa juu, au kwamba chai huchemshwa mara ya pili baba anaporudi. Takwimu zenye maana zilitoka kwa waliokubali kupimwa maisha yao kama yalivyo.

Walichogundua kilivunja mazoea. Karibu vyakula vyote vya kila siku vya Dar es Salaam viliweza kupikwa kwa umeme, na chombo kilichong'ara kuliko vyote kilikuwa jiko la presha la umeme, hasa kwa vyakula vinavyochukua muda mrefu motoni: maharage, makande, nyama ngumu, utumbo. Kwa vyakula hivyo, gharama ya umeme haikuwa tena kitu cha kuogopa ukilinganisha na mkaa.

Sababu yake ni fizikia nyepesi, nayo inamfaa hata asiye na mpango wa kununua jiko hilo. Maji yakishachemka katika sufuria ya kawaida hapa pwani hubaki kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Ukiongeza moto, hayapandi zaidi ya hapo. Yanageuka mvuke haraka tu, na maharage hayaivi hata dakika moja mapema. Mkaa wote unaoongezwa baada ya maji kuchemka, zaidi ya ule wa kuyaweka kwenye mchemko mdogo, unaishia hewani. Jiko la presha hufunga mvuke ndani, kwa hiyo maji hupanda mpaka karibu nyuzi 115 au zaidi kidogo. Kuta zake zimekingwa zisipoteze joto, na kifaa cha ndani hukata umeme presha ikitosha na kuurudisha ikishuka. Mtu anayelitumia kwa mara ya kwanza hushtuka kwamba limenyamaza; anadhani limeharibika, kumbe linapika bila kula uniti.

Tuchukue jiko la ukubwa wa kawaida, la wati 1,000. Sufuria ya maharage yaliyolowekwa usiku huiva humo kwa chini ya nusu ya uniti. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, shirika la umeme, anayelipa shilingi 292 kwa uniti, hiyo haifiki shilingi 150 kabla ya kodi. Kwa mteja wa kundi la matumizi madogo, ambaye uniti 75 za mwezi hutozwa shilingi 100 kila moja, haifiki hata 50. Kopo moja la mkaa jijini ni bei ya hapo mara kadhaa.

Kuloweka kwenyewe ni nishati ya bure. Kufunika sufuria nako ni nishati ya bure, na vilevile kuzima mkaa uliobaki kwa kuufunika ili kesho utumike tena. Bibi zetu waliyajua haya yote bila kufundishwa na shirika lolote. Shajara zilichoongeza ni ushahidi: aliyepima mkaa wa siku aliyoloweka na wa siku aliyosahau hana haja ya kuhubiriwa.

Afrika Mashariki imewahi kuona jinsi jiko linalookoa nishati linavyoenea. Mwaka 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu. Katika vuguvugu la wakati huo mashirika ya kiraia ya Kenya yaliungana chini ya KENGO, na mbunifu Maxwell Kinyanjui na wenzake wakafanyia kazi jiko la mkaa lililochukua wazo kutoka Thailand. Liliitwa jiko la kauri la Kenya. Bati lake limebanwa katikati ili kikombe cha udongo kilichomo ndani kisitikisike, na udongo huo hulizuia joto lisipotelee ubavuni kama lifanyavyo katika jiko la bati tupu. Ukiligusa nje wakati linawaka, utajua tofauti mara moja. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, walilichukua, wakalibadilisha kidogo hapa na pale, wakauza, na wengine wakawaiga. Kupungua kwa mkaa kwa theluthi hadi nusu kulitosha kulitangaza sokoni, na umbo lake likavuka mipaka hadi Tanzania, Uganda na kwingineko.

Kuna tofauti moja kubwa, hata hivyo. Jiko la kauri lilinunulika kwa pesa za mfukoni. Jiko la presha la umeme ni la maelfu mengi ya shilingi kwa mkupuo, na anayenunua mkaa kwa kopo ndiye hasa asiye na mkupuo huo. Vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vinaweza kuziba pengo: wanachama wananunua kwa zamu, kila mmoja akirejesha polepole kutokana na pesa anayookoa kwenye mkaa. Hapo tena shajara inasaidia, maana mwenye kuijaza anajua anaokoa kiasi gani kwa wiki na anaweza kuahidi rejesho asilolibahatisha.

Na kuna mambo jiko la presha haliwezi. Ugali unahitaji kusongwa kwa nguvu juu ya moto, na chombo chepesi huzunguka mezani. Chapati zinataka kikaango. Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, wenye watoto hawasubiri. Wanarudi kwenye mkaa au gesi. Kwa sababu hiyo nyumba nyingi huishi na majiko mawili au matatu, na hilo si kosa lao. Kaya iliyohamishia maharage na makande kwenye presha, ikabaki na jiko banifu la mkaa kwa ugali, imeshapunguza sehemu nzito ya mzigo.

Mzigo wenyewe ni wa nchi nzima. Tanuri la asili la udongo huhitaji kilo tano mpaka kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, na Dar es Salaam pekee imekadiriwa kutumia karibu nusu ya mkaa wote wa Tanzania. Miti hiyo hukatwa Pwani, Morogoro, Lindi na mbali zaidi. Serikali hutaja vifo takriban 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi wa kupikia, wengi wa waathirika wakiwa wanawake na watoto wanaokaa karibu na jiko. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Wakati ule, zaidi ya kaya nane katika kila kumi zilikuwa zikitumia kuni au mkaa.

Lengo la ukubwa huo halitafikiwa kwa matangazo ya redio na mitungi ya gesi inayogawiwa kwenye mikutano ya hadhara. Litafikiwa pale jirani atakapomwonyesha jirani karatasi yake ya mapishi. Mizani ya jikoni si ghali, fomu inaweza kuchorwa kwenye daftari la mtoto, na kikundi cha akina mama kumi mtaani kinaweza kupima mkaa wao kwa mwezi mmoja bila kusubiri mfadhili. Taa nazo zipimwe. Globu ya zamani ya wati 60 ikiwashwa kwa muda wa saa tano kila usiku hula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 hula uniti moja na kidogo.

Kikwazo ambacho juhudi za kujitolea haziwezi kukiondoa kiko ukutani. Katika nyumba nyingi za kupanga, familia tano au sita huchangia mita moja ya Luku. Baadhi ya wenye nyumba wameweka mita ndogo ndani ili kila mpangaji alipe anachotumia, na ugomvi umepungua, lakini mbele ya TANESCO nyumba nzima bado ni mteja mmoja. Ikivuka uniti 75 kwa pamoja, na lazima ivuke, wote wanapoteza bei ya shilingi 100, hata yule aliyebana matumizi kuliko wenzake. Kaya ndogo isiyo na friji, inayopikia jiko la presha na kuwasha taa za LED, ina nafasi nzuri ya kubaki chini ya uniti hizo. Inachohitaji ni mita yenye jina lake.