Jioni ya Mlenda Ugogoni

Ukitaka kuwafahamu Wagogo, kaa nao kwenye chakula cha jioni. Nchi yao, Ugogo katika Mkoa wa Dodoma, ni kavu. Dodoma hupata mvua ya kiasi cha milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua, upepo na vumbi. Katika nchi ya namna hiyo, kila kinachofika mezani kimetanguliwa na mtu aliyewaza mapema: nini kipandwe, nini kikaushwe, nani atangulie kunawa, na mgeni akitokea afanyiwe nini. Mila nyingi za Ugogo zimetunzwa humo, katika kupika na kula.

Katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino upo mgahawa mdogo wa mama lishe, wenye mabenchi ya mbao chini ya paa la bati. Siku za kawaida huuza wali maharage na chapati. Jumamosi jioni, watu wanaporudi mnadani, wali huachwa na hupikwa chakula cha Kigogo tu: ugali wa uwele, mlenda, maziwa ya mgando, na kuku wa kienyeji au nyama ya mbuzi kwa anayemudu. Huja wakulima, wafugaji, walimu, vijana wa bodaboda na watumishi wa serikali waliohamia Dodoma. Wote hupokelewa kwa salamu moja ya Kigogo, "Mbukwenyi!", na anayeingia peke yake husogezewa nafasi kwenye benchi lenye watu.

Kisha hufuata adabu. Binti hupita na birika na beseni, akianzia kwa mwenye umri mkubwa zaidi. Wadogo huwaamkia wazee shikamoo kabla ya kunawa. Ugali huletwa kwenye sinia moja kwa watu watatu au wanne, na hakuna anayemega kabla mzee hajamega. Kila mtu hula upande wake. Nyama haigombewi, mkubwa ndiye anayeigawa, na huanza na mgeni. Nyumbani, kwa desturi ya zamani, wanaume na wavulana wakubwa walikula pamoja nje, na akina mama na watoto wadogo wakala jikoni. Mgahawani wanawake na wanaume huketi benchi moja, lakini heshima ya umri haijalegea.

Mlenda ndio moyo wa jioni hiyo. Mvua zinapoanza, wanawake na watoto huchuma majani shambani na porini, huyaanika juani mpaka yakauke kabisa, kisha huyatwanga na kuyahifadhi. Unga huo ndio mboga ya miezi ya kiangazi, wakati hakuna jani bichi linaloonekana. Mpishi huchemsha maji, hutia magadi kidogo, humimina unga wa majani huku akikoroga, kisha huongeza karanga zilizotwangwa. Ukipikwa vizuri huvutika. Mlaji hufinyanga tonge, hulibonyeza kwa dole gumba, huchota, kisha huzungusha mkono haraka ili uzi wa mlenda ukatike. Mgeni asiyejua huonyeshwa na jirani yake bila kuchekwa.

Uwele nao una sababu yake. Mahindi hukauka mvua ikikatika katikati ya msimu, lakini uwele na mtama huvumilia. Adui yao mkubwa ni kwelea kwelea, na kuwinga ndege shambani ni kazi iliyowalea watoto wengi wa Ugogo. Mbuyu huongeza chake: unga wa ubuyu hutiwa kwenye uji au hufanywa kinywaji. Hakuna kinachopotea.

Mijini Wagogo wametaniwa kwa miaka mingi kuwa ni watu wa njaa. Maneno hayo yanasahau historia. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu kati ya pwani na Unyanyembe, huko Tabora, ilipita Ugogo, ikalipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi, na ikanunua hapo maji na nafaka. Ugogo ndiyo iliyolisha wasafiri. Njaa kubwa ya Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, ilitokana na ukame uliokuja baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua mifugo, nafaka na nguvu za watu katika Vita Kuu ya Kwanza. Maelfu ya watu walikufa. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa wakati wa vita hiyo, alikua akawa mshairi mashuhuri, na mwaka 1954 kilitoka kitabu chake kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo. Jamii iliyopita katika njaa ile na bado ikamgawia mgeni nyama kwanza inastahili heshima.

Baada ya kula, huletwa zeze na ilimba, ala zilizopelekwa hadi Ulaya na Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003. Wanawake hupiga muheme, ngoma ndogo wanazozibana katikati ya mapaja, na wazee huitikia wakiwa wameketi. Watoto huachwa wakeshe kidogo, kwa kuwa hapo ndipo wanapojifunza nyimbo.

Lakini Ugogo unabadilika. Chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma. Serikali ikaanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Watu wanaongezeka, na chipsi zimefika hadi vijijini. Sioni ubaya wa chipsi. Ninachoogopa ni kijana wa Chamwino kuona aibu kuagiza mlenda mbele ya wageni. Mwenye hoteli jijini na auweke mlenda kwenye orodha ya vyakula, aununue kwa akina mama wanaoukausha, na auandae kwa sinia na birika la kunawia. Nasi tuliohamia tusingoje kualikwa: twende tukanawe baada ya wazee, tule tulichopewa, na tuulize kilivyopikwa. Hali ya hewa inapobadilika, ujuzi wa kuishi na mvua chache utahitajika mbali zaidi ya Ugogo, na wanaoumiliki wako tayari kutufundisha.