Video Isiyodaiwa Mrabaha

Rekodi jahazi likipita mbele ya ufuko kwa dakika moja tu: pikseli 1920 kwa 1080, fremu 30 kila sekunde. Kama kila pikseli ingehifadhiwa kama ilivyo, kwa baiti tatu, dakika hiyo ingekula zaidi ya gigabaiti 11. Hakuna bando la mtu wa kawaida linalobeba mzigo huo. Video inafika kwa sababu ya kodeki, yaani kanuni ya kuibana upande mmoja na kuifungua upande wa pili.

Siri ya kodeki ni kutorudia. Anga ya fremu ya kwanza ndiyo ya fremu ya pili, basi haichorwi tena. Hata tanga halichorwi upya: picha hukatwa vipande, kisha huandikwa kwamba kipande hiki kilikuwa pale, sasa kimesogea pikseli kadhaa kulia. Povu linalopasuka ubavuni mwa chombo ndilo hula baiti nyingi, maana halifanani na lililotangulia. Mwishoni, yale ambayo jicho halitagundua kwamba hayapo hutupwa.

Ni hesabu, lakini hesabu yenye wenyewe. Umbizo la H.264, lililotoka mwaka 2003 na kuenea kila kona, lilizungukwa na hataza za kampuni nyingi, na watengenezaji wa vifaa na programu wakatakiwa kulipa mrabaha. Kampuni kubwa hulipa na kuendelea na shughuli zake. Anayeumia ni anayegawa programu yake bure: kama nakala haina bei, tozo ya nakala ataitoa wapi? Mwaka 2013 Cisco ilijitolea kubeba gharama hiyo ili kivinjari cha Firefox na programu nyingine ziweze kutumia kodeki yake ya H.264. Ulikuwa msaada wa kweli. Lakini kivinjari cha umma hakipaswi kutafuta mfadhili ndipo kionyeshe picha.

Mrithi wa H.264, HEVC, alitoka mwaka huohuo wa 2013, na mambo yakazidi kuwa magumu. Wenye hataza walijigawa katika makundi matatu, kila moja na masharti yake, na wengine wakabaki nje ya yote. Mnunuzi hakujua deni lake linaishia wapi. Mwanzoni mwa 2018 Leonardo Chiariglione, mmoja wa waasisi wa MPEG, kundi la wataalamu lililoshiriki kutunga maumbizo hayo, aliandika waziwazi kwamba mfumo wa kibiashara wa kundi lake umevunjika.

Wakati huo jibu lilikuwa jikoni. Septemba 2015 Amazon, Cisco, Google, Intel, Microsoft, Mozilla na Netflix zilianzisha Alliance for Open Media. Google ilileta kazi yake ya kodeki ya VP10, Mozilla na shirika la Xiph zikaleta Daala, Cisco ikaleta Thor. Mbinu zilipimwa kwa ubora wa picha, na wanasheria nao wakazikagua. Machi 2018 ikatangazwa kodeki yao, AV1. Leseni yake inampa kila mtu ruhusa ya kutumia hataza za wanachama bila malipo, na anayeigeuka AV1 kwa kushtaki kwa hataza zake hupoteza ruhusa hiyo.

Uhuru huu una gharama zake. Kubana kwa AV1 huchukua muda mrefu, na simu isiyo na chipu ya kuifungua huichosha betri. Mwaka 2018 shirika la VideoLAN lilitoa dav1d, programu huria ya kuifungua AV1 iliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa ili hata prosesa ya kawaida iweze kazi hiyo. Mwaka uliofuata kampuni ya Sisvel ilitangaza kukusanya hataza ambazo wamiliki wake wanadai zinaigusa AV1. Kwa hiyo neno “huria” ni boma linalohitaji walinzi kila siku.

Naamini boma hilo linastahili kulindwa. Wikimedia Commons, hifadhi ya umma ya picha na video, hupokea video za maumbizo huria tu, na mwaka 2014 wachangiaji wake waliikataa MP4, ambayo kwa kawaida hubeba H.264, ingawa ingewarahisishia kazi. Walifikiria mbali. Kumbukumbu ya umma haifai kutegemea ridhaa ya mwenye hataza. Maelezo kamili ya AV1 yamechapishwa wazi: mwanafunzi anaweza kuyapakua leo, akaandika programu yake mwenyewe, na kulifungua lile jahazi bila kuomba ruhusa kwa mtu.