Je, Wajua? Kiingereza Nacho Kina Vituko Vyake

Mwenyeji wako anakuuliza, "Haven't you eaten?" Nawe, tumbo likinguruma, unajibu "Yes", ukimaanisha ndiyo, sijala. Sahani haiji. Kwa Kiswahili tunayaangalia maneno ya muulizaji: kasema sijala, na kweli sijala, basi ndiyo. Mwingereza haangalii umeulizwaje. Umekula, "yes", hujala, "no".

Je, wajua kwamba zamani walikuwa na majibu manne? "Yea" na "nay" yalijibu swali la kawaida. "Yes" na "no" yalikuwa ya swali lenye kukanusha, na aliyeambiwa hajala alijibu "yes" kumpinga muulizaji: nimekula bwana! Thomas More, yule aliyekatwa kichwa mwaka 1535 kwa amri ya mfalme Henry VIII, aliwahi kumkaripia William Tyndale, mfasiri wa Biblia, kwa kuchanganya "nay" na "no". Vita hiyo More aliishindwa pia. Yamebaki mawili, na mgeni ndiye anayelala njaa. Wafaransa wana "si" yao hadi leo, Wajerumani wana "doch", na hao hawana shida hii.

Je, wajua kwamba "you" maana yake ya asili ni ninyi? Wewe ilikuwa "thou". Watu wakaanza kumwita mkubwa mmoja "ninyi" kwa heshima, kisha tajiri, kisha jirani, mwishowe hakubaki wa kuitwa wewe. Ndiyo maana mtu mmoja peke yake anaambiwa "you are", kitenzi cha wingi. Katika karne ya 17 Wakristo waitwao Waquaker waligoma: hata mbele ya hakimu walisema wewe, na wakubwa wakaona wametukanwa. Waquaker ndio hao hao Marafiki waliofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902.

Na "they" kwa mtu mmoja asiyejulikana ni mwanamume au mwanamke? Wengi hudhani ni mtindo wa juzi. Ulianza karne ya 14. Sisi wenye "yeye" hatukuuhitaji, ila ndiyo sababu Mswahili msomi kabisa humwita mama yake mzazi "he" akiwa na haraka.

Je, wajua kwamba "apron", ile aproni ya jikoni, ilikuwa "napron"? Watu walisikia "a napron", wakakata pasipo pake, ikawa "an apron". Nyoka aitwaye "adder" alipoteza "n" yake vivyo hivyo. "Nickname", jina la utani, ilikwenda kinyume: ilikuwa "an ekename", ikaiba "n" ya jirani. Tusiwacheke. Kitabu kimetoka kwa Waarabu, na "ki" yake ni sehemu ya mzizi, lakini sisi tuliiona tukasema hii ni ngeli yetu, tukapata vitabu. Halafu kile kibao cha barabarani cha "keep left" kikawa kipilefti, na viwili vikawa vipilefti. Hapo mimi naona tumewazidi.

Je, wajua kwamba "b" ya "debt" haikuwahi kuzoeleka katika matamshi ya Waingereza? Neno liliingia kutoka Kifaransa bila "b". Wasomi waliokipenda Kilatini wakaichomeka ili lifanane na "debitum". "Island" ni balaa zaidi. Ile "s" iliwekwa kwa kudhani neno limetoka Kilatini kupitia "isle", kumbe ni neno la Kiingereza tangu enzi. Kosa la mwandishi, adhabu ya mwanafunzi.

Usijiumize na "informations". "Information" haina wingi, wala "advice", wala "furniture". "News" ina "s" lakini husemwa "the news is good", ingawa enzi za Shakespeare ilikubalika pia kama wingi. Nasi tuna maji, mafuta na mate, yote kwa umbo la wingi, na hakuna aliyewahi kuona "ji" moja.

Je, wajua kwamba sheria kadhaa za Kiingereza zina watu waliozipa nguvu, na miaka yake? Kutomalizia sentensi kwa kihusishi: mshairi John Dryden alilalamikia jambo hilo mwaka 1672. Kwamba makanusho mawili huzaa uthibitisho: Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, alilitia katika kitabu chake cha sarufi miaka ya 1760, wakati washairi Chaucer na Shakespeare walikuwa wamekwisha kurundika makanusho bila woga. Tofauti ya "less" na "fewer": Robert Baker, mwaka 1770, alisema tu kwamba "fewer" anaiona bora. Oni la mtu mmoja likawa alama nyekundu kwenye daftari. Lakini angalia, mtihani hausahihishwi na historia; andika "fewer".

Makosa mengine ni Kiswahili kinachochungulia dirishani. Kuazima kwetu huenda na kurudi: naazima kalamu yako, na niazime kalamu yako. Ndiyo maana tunasema "borrow me your pen", wakati Mwingereza ana "borrow" kwa anayepokea na "lend" kwa anayetoa. Harufu tunaisikia, basi mtu huandika "I hear a smell", na mzungu akatega sikio. Dawa tunakunywa hata ikiwa kidonge. Wao huichukua: "take".

Gumu kuliko yote ni pole. Mwenzako Mwingereza amejikwaa kwenye ngazi, ukamwambia "sorry". Ukifiwa, naye atakuambia hivyo hivyo, lakini kwa kujikwaa yeye hudhani unaomba radhi, basi anakujibu kwa mshangao kwamba si kosa lako. Hajui kwamba alitakiwa kusema asante, nishapoa.