Mfanyabiashara ni Wakili wa Mungu

Dominika ya 25 ya Mwaka C
Masomo: Amo 8:4-7, 1 Tim 2:1-8, Lk 16:1-13



Masomo ya Dominika ya leo yanatupeleka sokoni. Nabii Amosi anatuonyesha wafanyabiashara wanaotamani sikukuu ya mwezi mwandamo na Sabato zipite upesi, wapate kufungua tena maghala yao ya ngano. Miili yao imo ibadani, lakini mioyo yao imebaki dukani. Naye Bwana wetu, katika Injili ya Mtakatifu Luka, anatusimulia habari za wakili aliyetakiwa kutoa hesabu ya kazi yake. Basi leo tuseme na ndugu zetu wenye maduka, viwanda, mashamba na magari ya abiria, pamoja na mama auzaye nyanya gengeni. Je, imani yetu ina neno gani juu ya biashara?

Amosi alikuwa mchungaji wa Tekoa, katika nchi ya Yuda. Alitumwa kuhubiri katika ufalme wa kaskazini wakati wa mfalme Yeroboamu wa Pili, karne ya 8 kabla ya Kristo. Nchi ilikuwa na neema, na matajiri walizidi kutajirika. Wizi anaoulaani nabii ulikuwa na ufundi wake. Epha kilikuwa kipimo cha nafaka, na shekeli ilikuwa jiwe la kupimia fedha, kwa maana siku hizo fedha ililipwa kwa uzito. Muuzaji alipunguza epha, mnunuzi akapata nafaka pungufu. Kisha aliongeza uzito wa shekeli, mnunuzi akatoa fedha zaidi. Hivyo maskini aliibiwa mara mbili katika biashara moja, tena mbele ya macho yake mwenyewe. Na juu ya hayo aliuziwa makapi.

Tusidhani kwamba mambo hayo yalikwisha zamani zile. Wakulima wetu wa viazi na vitunguu wanaifahamu vema lumbesa. Gunia hujazwa mpaka shingoni, kisha hushonewa kilemba juu yake, na bei hubaki ile ile ya gunia moja. Mzigo huo ukifika mjini, huenda ukauzwa kwa kopo lililobonyezwa kitako. Kipimo kimekuwa kikubwa wakati wa kununua, kikawa kidogo wakati wa kuuza. Amosi angefika leo katika masoko yetu, asingehitaji mkalimani.

Hata hivyo, ndugu wapendwa, tusije tukafikiri kwamba Kanisa linaichukia biashara. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 16, tunakutana na Lidia, mwanamke mfanyabiashara wa nguo za zambarau. Alibatizwa pamoja na watu wa nyumbani mwake, akamkaribisha Mtume Paulo kwake, wala hatusomi kwamba aliambiwa aache kazi yake. Papa Yohane Paulo II, katika Waraka wake wa mwaka 1991 uitwao Centesimus Annus, alifundisha kwamba faida ina nafasi yake halali, kwa kuwa ni dalili kwamba shughuli inaendeshwa vizuri. Lakini aliongeza kwamba faida si dalili pekee. Hesabu zaweza kuwa safi vitabuni, huku watu wanaofanya kazi wakidhalilishwa. Watu hao ndio hazina ya kwanza ya shughuli yoyote.

Mfanyabiashara Mkristo, basi, ayashike mambo matatu.

Kwanza, akumbuke kwamba yeye ni wakili. Katika Injili ya leo Kristo hasifu udanganyifu wa yule wakili. Anachosifu ni busara yake ya kutambua kwamba siku ya hesabu imekaribia. Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mkristo ana daftari la biashara, na ana daftari la dhamiri. La kwanza atalionyesha kwa mkaguzi, la pili kwa Mungu. Mtu mwenye madaftari mawili ya biashara, moja la kweli na moja la kumwonyesha mtoza kodi, amekwisha kuchagua bwana wa kumtumikia.

Pili, awe na mizani ya haki. Sheria ya Musa iliagiza hivyo waziwazi (Law 19:35-36), na sababu iliyotolewa ni kwamba Bwana ndiye aliyewatoa Waisraeli katika nchi ya Misri. Maana yake ni kwamba aliyekombolewa hawezi kumgandamiza mwenzake.

Tatu, alipe ujira kwa wakati. Torati yataka kibarua alipwe kabla jua halijatua, kwa kuwa yu maskini na roho yake inautegemea ujira huo (Kum 24:14-15). Wako waajiri wanaokata mchango wa hifadhi ya jamii katika mshahara wa mfanyakazi, kisha hawaupeleki unakotakiwa. Mfanyakazi hugundua siku ya kustaafu, nguvu zimekwisha. Mtume Yakobo anasema kwamba ujira wa namna hiyo unapiga kelele mbele ya Mungu (Yak 5:4). Sadaka kubwa ya Dominika haiwezi kuzima kelele hizo.

Huenda mtu akauliza, "Ni nani awezaye kuishi hivyo?" Tumtazame Enrique Shaw, mlei wa Argentina, aliyezaliwa mwaka 1921. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini, mume wa mke mmoja na baba wa watoto tisa. Alipotoka jeshini alitaka kuwa kibarua kiwandani. Padri mmoja akamshauri kwamba angewafaa zaidi wafanyakazi akiwa kiongozi wa biashara. Akaingia katika kiwanda cha vioo, akapanda hata kuwa mkurugenzi, na mwaka 1952 akaanzisha chama cha wafanyabiashara Wakristo. Mwaka 1961 kiwanda kilipotaka kuwaachisha kazi watu wapatao 1,200, yeye aliyekuwa mgonjwa wa kansa alisimama kuwatetea, akaonyesha njia ya kuvuka kipindi kigumu bila kuwafukuza. Hali yake ilipozidi kuwa mbaya akahitaji damu, wafanyakazi wapatao 260 walijitokeza kumtolea. Alifariki mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 41. Mwaka 2021 Papa Fransisko alitambua rasmi kwamba aliziishi fadhila za Kikristo kwa ushujaa. Hiyo ndiyo faida ambayo haikuandikwa katika vitabu vya kiwanda: watu waliolindwa walikuja kumpa damu yao.

Mwingine atasema, "Jirani yangu anatumia lumbesa na anatoa rushwa. Nikikataa mimi, nitafilisika." Hatuwezi kumwahidi kwamba uaminifu hauna gharama. Huenda akapoteza zabuni, huenda akakua polepole kuliko jirani yake. Lakini Bwana amesema wazi kwamba hatuwezi kumtumikia Mungu na mali. Tena, mzigo huu usibebwe na mtu mmoja. Wafanyabiashara wa parokia moja wakikubaliana kununua kwa mizani, mkulima ataujua mlango wao, na jirani atalazimika kufikiri upya.

Mtume Paulo, katika somo la pili, anataka tusali tukiinua mikono iliyo safi. Mikono tunayoiinua kanisani siku ya Dominika ndiyo itakayoshika mizani siku ya Jumatatu. Kabla ya kufungua duka kesho, kila mmoja wetu ajiulize: Je, kipimo changu ni kile kile ninaponunua na ninapouza? Je, yuko mtu ninayemdai kazi nami sijamlipa haki yake? Kama yuko, tumlipe kwanza, ndipo tulete kipaji chetu altareni.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu. Amina.