Gari la Mbio kwa Bei Nafuu: Anza na Uzito

Anayetafuta gari la mtumba la kutengeneza kwa ajili ya mbio huuliza kwanza lina nguvu kiasi gani. Swali hilo limewafilisi wengi. Nguvu hununuliwa mara moja. Uzito hulipiwa kila mashindano, kwenye matairi, pedi za breki na petroli.

Chukua gari la kilo 1,000 linalokwenda kilomita 160 kwa saa. Nishati ya mwendo wake ni karibu kilojuli 990. Dereva akifunga breki mpaka lisimame, nishati hiyo karibu yote hugeuka joto. Tuseme diski zote nne zina jumla ya kilo 20 za chuma na zimelipokea joto lote: kila moja itapanda kwa nyuzi 107 hivi. Gari la kilo 1,500 lenye diski hizo hizo litazipandisha kwa nyuzi 160. Na uwanjani kona inayofuata haisubiri diski zipoe. Joto hupenya kwenye pedi, kisha kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230, ila hufyonza unyevu wa hewani, na yakishashika maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 tu. Hapo hutokea mapovu ya mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva anakanyaga, pedali inazama mpaka chini, gari linaendelea kwenda.

Ndiyo maana naipenda Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka 1989. Injini yake ya lita 1.6 ilikuwa na nguvu za farasi 115 hivi, si za kutisha, lakini gari lenyewe halikufika tani moja, na uzito umegawanyika karibu sawa mbele na nyuma. Marekani lina daraja lake zima la mashindano, Spec Miata. Faida yake kwa mfuko ni kubwa: wengi wakiendesha gari moja, spea hupatikana na kila ugonjwa una fundi anayeujua.

Magonjwa yenyewe yatafutwe kabla ya kulipa. Maji yanayotiririka kutoka kwenye turubai ya paa hupita kwenye mirija nyuma ya viti. Mirija ikiziba kwa majani, maji hujaa ndani ya vizingiti vya chini ya milango na kuvila taratibu. Pitisha mkono chini, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, ubonyeze kwa nguvu. Rangi ikivimba au bati likilegea, achana nalo, hata kama injini inalia vizuri. Kizimba cha mabomba kinachomlinda dereva gari likipinduka hushikiliwa na bodi hiyo hiyo, na bati lililooza halishikilii kitu. Kwa injini za 1.6 za mwanzo kabisa, washa gari ukaitazame puli ya chini. Ikiyumba, huenda kabari inayoishika kwenye krenki imekwisha kula nafasi yake, na matengenezo yake ni ghali.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, hivyo MX-5 hiyo haiagiziki tena. Mimi ningetafuta Toyota Vitz ya kwanza iliyoko nchini tayari: iko chini ya tani moja, na spea zake zimejaa madukani. Inavutwa na magurudumu ya mbele, hivyo matairi ya mbele yataisha mapema, lakini inafundisha.

Bei ya gari isimeze bajeti yote. Mashindano ya 24 Hours of Lemons, yaliyoanza California mwaka 2006, yaliweka kikomo cha dola 500 kwa gari, lakini vifaa vya usalama na breki havikuhesabiwa humo. Kizimba, kiti, mikanda, kizima moto na mafuta mapya ya breki vitengewe fedha kabla ya kununua hata boliti moja ya kuongeza nguvu.