Kusoma sayansi ya kompyuta: Hesabu za mzazi zianze kidato cha pili

KWA mzazi wa Ijuganyondo, moja ya kata 14 za Manispaa ya Bukoba, fedha ya kumsomesha mtoto chuo kikuu hutoka sehemu tatu: kahawa iliyoko mtini, ndizi zinazokwenda sokoni, na kipande cha kibanja kinachouzwa pale mambo yanapokwama. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa mtoto asome nini na asome wapi si wa kumwachia mtoto peke yake. Ni uamuzi wa mtaji, sawa na kununua pikipiki ya mizigo au kufungua duka Rwamishenye.

Miongoni mwa kozi zinazotajwa sana na vijana ni shahada ya sayansi ya kompyuta. Sababu zake zinaonekana hata shambani. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, fedha ya mazao hupita kwenye simu. Mbolea ya ruzuku katika msimu wa 2022/2023 ilitolewa kwa wakulima walioandikishwa kwenye mfumo wa kielektroniki. Malipo ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na kompyuta. Nyuma ya kila mfumo wa aina hiyo yupo mtu aliyeuandika na mwingine anayeutunza.

Upande wa pili, kibanja chenyewe kimekuwa na misukosuko. Mnyauko wa migomba ulioingia mkoani Kagera mwaka 2006 uliwafundisha wengi kwamba familia isitegemee zao moja. Mzazi anayetaka mtoto wake apate ujuzi wa ofisini hajakosea.

Kosa liko kwenye wakati. Wazazi wengi huanza kuulizia habari za vyuo matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, mwezi Julai. Wakati huo mlango wa kozi hii huwa umeshafunguka au umeshafungwa, na kinachoufunga mara nyingi ni somo moja tu: hisabati. Mkulima anajua kwamba mbuni haupandwi leo ukachumwa kesho. Kozi ya kompyuta nayo ina miaka yake ya kuandaliwa.

Kompyuta si kozi moja

Jambo la kwanza ni kujua kinachosomwa. Kuandika barua, kuchapa na kutengeneza mashine iliyoharibika ni kazi za mafunzo mafupi, siyo shahada. Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta hufundishwa kuunda programu, kupanga taarifa katika hifadhidata, namna mitandao inavyofanya kazi, na hisabati ya mantiki ambayo ndiyo msingi wa mambo hayo yote.

Ziko kozi za jirani. Teknolojia ya habari huegemea zaidi kufunga na kuendesha mifumo katika ofisi. Mifumo ya habari huchanganya kompyuta na biashara, na humfaa kijana aliyesoma uchumi na uhasibu. Uhandisi wa kompyuta hushughulika pia na vifaa vyenyewe na umeme wake, na fizikia huhitajika zaidi.

Tofauti hizi zina maana mfukoni. Sayansi ya kompyuta kwa kawaida ni miaka 3, wakati uhandisi ni miaka 4. Mwaka mmoja wa ziada ni karo, chakula na pango la mwaka mzima.

Hisabati ndiyo ufunguo

Katika shule nyingi, mwanafunzi akimaliza kidato cha pili huruhusiwa kuacha fizikia na kemia ili aelekee masomo ya sanaa au biashara. Hapo ndipo njia inapogawanyika, na mara nyingi mzazi hana habari. Hisabati huendelea hadi kidato cha nne kwa kila mwanafunzi, lakini wengi hulichukulia kama somo la kulala nalo na kuamka nalo F. Kijana mwenye F ya hisabati kidato cha nne asidanganywe kwamba kompyuta "haihitaji hesabu".

Hatua inayofuata ni kuchagua tahasusi ya kidato cha tano. Iliyo salama kuliko zote ni PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. PGM, ambayo ina jiografia mahali pa kemia, nayo ni nzuri. Ipo pia PMCs, yenye fizikia, hisabati na sayansi ya kompyuta, ila shule zinazoitoa ni chache. EGM, yenye uchumi, jiografia na hisabati, hufungua milango ya vyuo kadhaa, hasa kwenye mifumo ya habari na teknolojia ya habari.

Vipi kuhusu PCB na CBG? Hizi hazina hisabati kama somo kuu, isipokuwa ile ya msingi inayoitwa BAM. Baadhi ya vyuo huwapokea wanafunzi hawa kwa sharti la kufaulu BAM au kuwa na alama nzuri ya hisabati kidato cha nne. Vingine havipokei. Kwa hiyo anayesoma PCB akitegemea udaktari asiipuuze BAM, kwani mipango ikibadilika ndiyo itakayombeba.

Machi 2024 Serikali ilitangaza kuongeza tahasusi kutoka 16 hadi 65. Uchaguzi umekuwa mpana, lakini hatari nayo imeongezeka: tahasusi yenye jina la kuvutia inaweza isitajwe katika sifa za kozi anayoitaka mtoto. Kabla ya kujaza fomu ya uchaguzi, soma kwanza sifa za chuo, kisha rudi kwenye tahasusi.

Namna ya kuhesabu pointi

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaoonyesha kila chuo, kila kozi, sifa zake na muda wake. Mwongozo huo hupatikana bure katika tovuti ya TCU. Asiye na intaneti anaweza kumwomba mwalimu wa taaluma au mwenye duka la huduma za kompyuta mjini amchapie kurasa anazozihitaji.

Kiwango cha chini kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016 ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. S ni nusu pointi na haihesabiwi kama ufaulu wa somo kuu.

Tuchukue mfano. Kijana mwenye D ya hisabati na D ya fizikia ana pointi 4, amevuka. Mwenye C na E naye ana 4. Lakini mwenye A moja na S mbili hajavuka, hata kama A yake ni ya hisabati, kwa sababu ana somo kuu moja tu. Isitoshe, lazima masomo hayo mawili yawe yale yaliyotajwa kwenye mstari wa kozi husika. Pointi 8 za jiografia na historia hazimwingizi mtu sayansi ya kompyuta kwenye chuo kinachodai hisabati.

Pointi 4 ni kizingiti tu. Waombaji wakizidi nafasi, chuo huchukua wenye alama za juu kwanza. Mwenye pointi 4 kamili aombe vyuo zaidi ya kimoja, visivyo vyote vya kugombewa.

Njia ya stashahada

Aliyekosa kidato cha tano hajafika mwisho. Mwenye ufaulu usiopungua masomo manne kidato cha nne anaweza kuanza cheti na kisha stashahada ya kompyuta au TEHAMA katika chuo kilichosajiliwa na NACTVET. Akimaliza na wastani usiopungua 3.0, anaweza kuomba shahada.

Njia hii huweza kuwa ndefu kwa mwaka mmoja hivi kuliko ya kidato cha tano na sita, lakini ina faida yake: kijana huwa na cheti cha kufanyia kazi hata kama fedha ya shahada itachelewa. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 Serikali ilianza pia kutoa mikopo kwa baadhi ya kozi za stashahada. Jambo la kuangalia ni huo wastani wa 3.0. Aliyemaliza na 2.9 hukwama, ingawa karo alilipa sawa na mwenzake.

Chuo kipi?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha fani hii katika ndaki yake ya TEHAMA iliyoko Kijitonyama. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki kubwa ya fani za kompyuta yenye kozi nyingi. Kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ipo Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na vipo Chuo cha Usimamizi wa Fedha na Chuo cha Uhasibu Arusha, ambavyo licha ya majina yao hutoa pia shahada za kompyuta. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, vyuo vya Mwanza hupunguza nauli.

Mkoani Kagera kwenyewe, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikijenga tawi Itahwa, Wilaya ya Bukoba, chini ya mradi wa HEET. Ni habari njema, lakini mzazi asipange juu ya majengo. Apange pale kozi anayoitaka itakapoonekana katika mwongozo wa TCU kwa tawi hilo.

Wapo wanaotazama ng'ambo ya Mutukula. Kampala ni karibu na Bukoba kuliko Dar es Salaam, na Makerere ina jina kubwa katika kompyuta. Kabla ya kuvuka, mzazi aulize TCU mambo mawili: kibali cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na utambuzi wa shahada hiyo atakaporudi. Asiingize mkopo wa Bodi katika bajeti ya masomo ya nje, maana kwa kawaida mkopo huo ni wa wanaosoma vyuo vya ndani.

Popote atakapochagua, aangalie kama chuo na kozi vina idhini ya mwaka huo huo. Julai 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/2018 baada ya ukaguzi. Bango la barabarani na tangazo la redio si idhini.

Gharama na mkopo

Wazazi wengi huulizia karo peke yake. Tufanye hesabu ya mfano: karo sh 1,500,000 kwa mwaka, na chakula na malazi sh 10,000 kwa siku kwa siku 240 za masomo, yaani sh 2,400,000. Jumla ni sh 3,900,000 kwa mwaka, sh 11,700,000 kwa miaka 3, na sh 15,600,000 kwa miaka 4. Hapo bado kompyuta mpakato na nauli. Kwa hesabu hiyo, chakula na malazi huzidi karo. Chuo chenye karo ndogo katika mji wa pango kubwa huweza kuwa ghali kuliko chenye karo kubwa kinachotoa bweni.

Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, hukopesha kwa kuangalia uhitaji, na si kila mwombaji hupata asilimia 100. Kinachoangusha wengi ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na jina lililomo lifanane na la cheti cha kidato cha nne. Yatima aambatanishe vyeti vya vifo vya wazazi, navyo vihakikiwe. Fomu hupitia kwa viongozi wa serikali ya mtaa. Kazi hizi zifanyike mtoto akiwa kidato cha tano, si wiki ya mwisho ya dirisha la maombi.

Mkopo huu hulipwa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na aliyejiajiri naye anadaiwa. Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, hivyo mzigo umepungua. Kwa waliofaulu kwa alama za juu kabisa katika sayansi, upo ufadhili wa Samia ulioanza mwaka 2022/2023, ambao haurudishwi.

Kwa mkulima wa kahawa kalenda inasaidia. Msimu hufunguliwa kati ya Mei na Juni, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Anayevumilia hadi kahawa ikauke ana fedha mkononi kwa wakati. Anayeuza butura, kahawa ingali maua, hupokea bei ya mwenye shida, na huo ni mwaka wa kwanza tu kati ya mitatu. Butura ya mwaka wa kwanza huzaa nyingine ya mwaka wa pili, na mwaka wa tatu kinachobaki cha kuuza ni kibanja.

Ratiba ya mzazi

Kidato cha pili: mtoto anayetaka kompyuta asiache fizikia, na apate msaada wa hisabati mapema.

Kidato cha nne: soma mwongozo wa TCU wa mwaka huo pamoja naye, andika kozi tatu mnazozitaka na sifa zake, ndipo mjaze tahasusi.

Kidato cha tano: sahihisha majina, hakiki vyeti RITA, anza kuweka akiba ya kompyuta mpakato.

Kidato cha sita, baada ya mtihani: ulizia ada za maombi, kwani tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja kwenye kila chuo. Mtoto atumie namba ya simu yake mwenyewe, si ya mwenye duka la intaneti. Akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, atahitaji namba ya siri kuthibitisha chuo kimoja, na namba hiyo hutumwa kwenye simu aliyoiandika katika maombi.